Kwa Nini Chaneli Hukatwa Usiku wa Mechi

Alhamisi ya 31 Agosti 2023, timu ya Chuo Kikuu cha Florida ilikuwa imesafiri hadi Salt Lake City kucheza na Utah, mechi ya mwanzo wa msimu wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Huko New York mashindano ya tenisi ya US Open yalikuwa siku ya nne. Vyote viwili vilikuwa vya ESPN. Jioni hiyo wateja wa Spectrum, huduma ya kebo ya kampuni ya Charter, walikuwa wamekaa mbele ya televisheni, bili yao ya mwezi imelipwa kama kawaida, na ESPN ikatoweka. Ikaondoka na FX, National Geographic, Disney Channel, na katika miji kadhaa hata ABC. Mahali pake pakatokea maandishi ya Charter yakieleza kwamba mkorofi ni Disney. Disney nao, kupitia kila njia waliyokuwa nayo, wakasema aliyezima ni Charter. Charter walikuwa na wateja wa televisheni milioni 14.7 hivi, na hali ikabaki hivyo kwa siku 11.

Mtazamaji akikutwa na jambo kama hili hudhani mazungumzo yamevunjika. Hayajavunjika. Katika biashara hii kuzima chaneli ni sehemu ya mazungumzo yenyewe. Kuna tarehe iliyojulikana mapema, kuna matangazo ya lawama yaliyokwisha kurekodiwa, na kila upande umeshapiga hesabu ya siku ngapi unaweza kuvumilia. Wanachobishania hadharani ni ada. Kinachoamua ubishi ni nani ataanza kuumia. Kwa miaka mingi aliyeanza kuumia alikuwa msambazaji, yaani kampuni ya kebo au ya dishi. Mwaka 2023 mambo yaligeuka, na yaligeuka kwa sababu ambayo haikuwa na uhusiano mkubwa na televisheni.

Tuanze na pesa yenyewe. Marekani msambazaji humlipa mwenye chaneli kiasi fulani kwa kila mteja, kila mwezi. Halipi kwa idadi ya waliotazama; analipa kwa kila nyumba ambayo chaneli hiyo imo kwenye kifurushi chake, iwe wenye nyumba wanakesha nayo au hawajui hata iko namba ngapi. Chaneli nyingi hupata senti tu. ESPN ni habari nyingine: mwaka 2023 wachambuzi waliikadiria kuwa inachukua zaidi ya dola 9 kwa nyumba kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa wateja wa Charter, kisha kwa miezi 12, utakuta karibu dola bilioni 1.6 kwa mwaka, chaneli moja, msambazaji mmoja. Charter wenyewe walisema jumla wanayowalipa Disney kwa chaneli zote ni kama dola bilioni 2.2 kwa mwaka. Bibi wa Ohio anayetazama mapishi na utabiri wa hali ya hewa yumo ndani ya hesabu hiyo. Dola zake 9 zinaondoka kila mwezi kulipia mpira asioutazama, naye hajui, kwa sababu bili haimchambulii.

Wala ESPN hawabaki na fedha hizo zote. Mwaka 2021 walikubaliana na ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, kulipa takriban dola bilioni 2.7 kwa mwaka, hasa kwa ajili ya mechi za Jumatatu usiku. Ligi inapopandisha bei, chaneli inapandisha ada, msambazaji anapandisha bili, na anayeonekana mbaya ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya bili. Ndiyo maana wasambazaji, katika kila ugomvi, hutumia nguvu nyingi kumwonyesha mteja kwamba wao ni wapokeaji tu wa bei ya mtu mwingine. Wana hoja, ingawa haiwasafishi kabisa: nao kwa miaka mingi waliongeza ada zao ndogondogo juu ya bili, ya kukodi king'amuzi, ya matangazo ya michezo, ya hiki na kile, na hizo hazikutoka Disney.

Halafu kuna suala la kifurushi. Disney hawakuwa wakiuza ESPN peke yake. Ilikuwa kama duka la jumla linalokwambia sukari ipo, ila huuziwi mpaka uchukue na katoni ya viberiti. Aliyetaka ESPN alichukua na Freeform, Disney XD, Nat Geo Wild na Baby TV, na kila moja ilikuwa na ada yake. Ndani ya mikataba hiyo, ambayo huwa ya siri, kuna vifungu viwili ambavyo mtu akivielewa ameelewa nusu ya ugomvi. Cha kwanza kinamtaka msambazaji aiweke chaneli kwenye kifurushi kinachofikia asilimia kubwa ya wateja wake. Kwa kifungu hicho msambazaji hawezi kusema: sawa, nitaihamishia ESPN kwenye kifurushi cha wapenda michezo, anayeitaka ailipie. Cha pili kinasema kwamba mwingine akipewa masharti mazuri zaidi, nami nipewe hayohayo. Kwa hiyo kampuni moja ikifanikiwa kuvunja desturi, wengine wote wako mlangoni na mikataba yao mikononi. Mtu wa nje akiona kampuni kubwa mbili zinang'ang'ania senti kumi na tano anaweza kucheka. Senti hizo zitazidishwa kwa nyumba zote za nchi.

Inafaa kukumbuka kwamba pesa haikuelekea upande huu siku zote. Rupert Murdoch alipoanzisha Fox News mwaka 1996, yeye ndiye aliyewalipa wasambazaji, zaidi ya dola 10 kwa kila mteja, ili waikubali chaneli isiyojulikana. ESPN yenyewe ilipokuwa changa, baada ya kuanza 1979, ilipitia hatua hiyohiyo kabla haijaanza kudai senti zake za kwanza. Chaneli isiyo na watazamaji hulipa ili ibebwe, na chaneli ambayo watu watapiga simu kuidai ikiondolewa hulipwa. Bei ya chaneli, kwa maneno mengine, ni bei ya kelele zitakazopigwa isipokuwepo.

Stesheni za bure, zile ambazo mtu angeweza kuzinasa kwa antena, zilichelewa kuingia mchezoni. Kebo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 katika miji ya milimani ya Pennsylvania na Oregon, ambako antena ya nyumbani haikushika kitu. Mtu alisimamisha mlingoti juu kilimani, akashusha waya hadi kwenye nyumba za bondeni, akatoza ada ya huduma. Picha zilikuwa za ABC, NBC na CBS, na hao hawakupata senti. Miongo minne baadaye kebo imekuwa tajiri na hali ni ileile. Ndipo ikaja sheria ya kebo ya 1992, iliyopita tarehe 5 Oktoba licha ya kura ya turufu ya Rais George H. W. Bush; katika urais wake wote hiyo ndiyo kura ya turufu pekee ambayo Bunge liliweza kuipindua. Sheria iliipa kila stesheni uchaguzi, unaorudiwa kila baada ya miaka mitatu: ama ilazimishe kebo iibebe bila malipo, ama ikatae kubebwa mpaka wakubaliane bei. Stesheni dhaifu, kama za dini au za lugha za wachache, huchagua njia ya kwanza. Wenye nguvu huchagua ya pili.

Kilichotokea 1993 ndicho ninachokiona kuwa mzizi wa matatizo yote yaliyofuata, ingawa wanaosimulia historia hii hukipita haraka. Wakubwa wa kebo, wakiongozwa na John Malone wa kampuni ya TCI, walikataa katakata kutoa pesa taslimu. Badala yake wakasema: tutakupa nafasi ya chaneli mpya, na hiyo tutailipia. ABC wakaitumia kuizindua ESPN2. Fox wakapata FX. NBC wakapata America's Talking, ambayo mwaka 1996 iligeuka MSNBC. CBS walishikilia pesa taslimu, wakaambulia patupu. Wasambazaji walidhani wamejiokoa. Walichofanya ni kuwafundisha wenye stesheni kwamba nguvu ya chaneli moja pendwa inaweza kutumika kuingiza nyingine tano nyumbani kwa mtu, na kifurushi kikaanza kuvimba.

Pesa taslimu nazo zilikuja. Mwaka 2006 wachambuzi walikadiria ada za kubeba stesheni za bure kuwa dola milioni 200 na kidogo kwa nchi nzima. Haikuchukua miaka 20 zikapita dola bilioni 10 kwa mwaka. Sheria haikubadilika katikati. Kilichobadilika ni ushindani. Kampuni za dishi, DirecTV na Dish, zilianza katikati ya miaka ya 1990, kisha kampuni za simu nazo zikaingia kuuza televisheni. Zamani mteja wa kebo aliyekatiwa ABC hakuwa na pa kukimbilia zaidi ya antena. Sasa angeweza kumpigia simu fundi wa dishi, na Jumamosi dishi likawa juu ya paa. Mwenye chaneli yeye alibaki mmoja, kwa sababu hakuna ABC ya pili. Katika mpangilio kama huo msambazaji ndiye anayepoteza wateja chaneli inapozimwa, na wenye chaneli walilijua hilo vizuri.

Walilitumia kwa ustadi wa kalenda. Tarehe 1 Mei 2000, Time Warner Cable iliiondoa ABC katika nyumba milioni 3.5, New York na Los Angeles zikiwemo, na kuweka kwenye skrini maandishi ya kuwaambia watu kwamba Disney wamewanyang'anya ABC. Kipindi cha maswali na zawadi ya dola milioni kilikuwa kileleni wakati huo, na majira yalikuwa yale ambayo idadi ya watazamaji hupimwa kwa ajili ya bei za matangazo ya biashara. Baada ya saa 39 hivi ABC ikarudi, na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikasema kuondoa stesheni katika majira hayo ni kuvunja kanuni. Mwisho wa 2008, Viacom wakigombana na kampuni hiyohiyo, walitoa tangazo magazetini lenye picha ya Dora, yule mtoto wa katuni, akitokwa na machozi. Walipatana usiku wa mwaka mpya. Sijui kama kuna chombo cha shinikizo kikali zaidi ya mzazi aliyeambiwa kwamba Januari mosi atamweleza mtoto wa miaka mitatu kwa nini Dora hayupo.

Mfano ninaoupenda ni wa 7 Machi 2010, siku ya tuzo za Oscar. Usiku wa kuamkia siku hiyo ABC ilizimwa kwa wateja wa Cablevision, nyumba kama milioni 3 za New York na viunga vyake. Sherehe ikaanza saa mbili na nusu usiku, skrini bado nyeusi. Watu walikuwa wamealikana majumbani, vinywaji viko mezani. Dakika kumi na kitu baadaye picha ikarudi katikati ya kipindi. Pande zote mbili zilikuwa zimemaliza kuhesabu kila dakika ina thamani gani, na hesabu zikakutana pale.

Miaka mitatu baadaye CBS na Time Warner Cable walikwenda mbali zaidi: mwezi mzima, kuanzia 2 Agosti hadi 2 Septemba 2013. Angalia tarehe. Agosti ni mwezi wa marudio ya vipindi, na Septemba NFL inaanza. Katika robo hiyo ya mwaka Time Warner Cable walipoteza wateja wa televisheni zaidi ya 300,000, CBS wakapata nyongeza yao, na kila mkurugenzi wa kebo nchini akajifunza kwamba kupambana na mwenye mpira ni kujichoma.

Karibu kila mmoja, niseme. Mwezi Aprili 2014 kampuni ndogo ya Cable One, yenye wateja wengi katika miji midogo, ilikataa bei ya Viacom ikaziondoa chaneli zao 15. Haikuwa mbinu ya wiki mbili. Waliziondoa moja kwa moja, na Suddenlink wakafuata vuli ya mwaka huo. Wateja walilalamika na baadhi wakahama. Lakini Cable One walikuwa wameshaona kwenye vitabu vyao jambo ambalo wakubwa walikuwa bado wanasitasita kulisema hadharani: televisheni haikuwa tena biashara yenye faida. Sehemu kubwa ya kila dola ya bili ya televisheni ilikwenda kwa wenye chaneli. Intaneti, inayopita kwenye waya uleule, haikuwa na wa kugawana naye. Mteja akiacha televisheni na kubaki na intaneti, kampuni inapoteza mapato lakini haipotezi faida kubwa.

Sasa turudi kwa Charter. Mwaka 2023 walikuwa na wateja wa intaneti zaidi ya milioni 30, mara mbili ya wale wa televisheni. Asubuhi iliyofuata baada ya ESPN kuzimwa, mkurugenzi wao mkuu Chris Winfrey aliwaita wawekezaji na kuwasomea maelezo ambayo kwa lugha ya kawaida yalikuwa hivi: mfumo wa vifurushi umevunjika, na ama Disney watakubali kuutengeneza pamoja nasi ama tutaachana na biashara ya video. Huko nyuma vitisho vya namna hiyo vilikuwa vya kupandisha dau tu. Safari hii wasikilizaji walimwamini kwa sababu namba zilimruhusu kusema hivyo.

Madai yake hayakuwa hasa juu ya ada. Alikubali nyongeza mapema, jambo ambalo vichwa vya habari vililipita. Alichokataa ni kulipa mara mbili. Disney walikuwa wamehamishia vipindi vyao vizuri kwenye Disney+ na kuviuza mtandaoni moja kwa moja, huku wakiendelea kumtoza msambazaji bei ileile kwa chaneli zilizobaki na marudio. Mteja wa Spectrum mwenye watoto alikuwa analipia Disney Channel kwenye bili ya kebo na Disney+ kwenye kadi ya benki. Winfrey akataka Disney+ iingizwe ndani ya kifurushi, na akataka uhuru wa kupunguza chaneli zisizotazamwa.

Tarehe 11 Septemba, saa chache kabla ya mechi ya kwanza ya Jumatatu usiku, wakasaini. Disney+ yenye matangazo ikaingia kwenye kifurushi cha kawaida cha Spectrum. Chaneli nane, zikiwemo Freeform, Disney XD, FXX na Baby TV, zikaachwa nje. Disney wakapata ada ya juu zaidi na wakabaki na ESPN katika nyumba nyingi. Nani alishinda? Nionavyo mimi, Charter walishinda kwa tofauti ndogo, lakini viberiti ndivyo vilivyoshindwa vibaya: siku hiyo chaneli ya kujazia haikuwa na mtetezi. Wateja nao waliwahi kumwona Aaron Rodgers, nyota mpya wa New York Jets, akicheza miondoko minne tu ya mechi hiyo kabla hajakatika kano ya kisigino na kutolewa uwanjani.

Yaliyofuata yalikuwa marudio yenye tofauti ndogo. DirecTV walizimiwa na Disney kuanzia 1 hadi 14 Septemba 2024, tena katikati ya US Open, wakatoka na ruhusa ya kuuza vifurushi vidogo kwa aina ya vipindi. YouTube TV, wenye wateja kama milioni 10, walizimiwa 30 Oktoba 2025 na kurudishiwa 14 Novemba. Walimpa mteja dola 20 za kumpoza. Hapa msambazaji alikuwa Google, kampuni ambayo haitakufa kwa kupoteza wateja wa televisheni wala haitatajirika kwa kuwapata. Disney walikuwa wamezoea kupambana na watu wenye haraka.

Ila nao wamejitengenezea mlango wa pili. Tangu 21 Agosti 2025 mtu anaweza kununua ESPN mtandaoni bila kebo yoyote, kwa dola 29.99 kwa mwezi. Linganisha na zile dola 9 na ushei za kwenye kifurushi. Tofauti ya dola 20 ndiyo sehemu ambayo yule bibi wa Ohio, na mamilioni wenzake wasiotazama mpira, walikuwa wanamlipia shabiki kimyakimya. Wanaotamani kila mtu alipie anachokitazama tu, na huku kwetu wapo wengi, waiangalie namba hiyo kwanza. Asiye shabiki atapata nafuu. Shabiki atalipa zaidi ya mara tatu.

Serikali haina mengi ya kufanya. FCC inazitaka pande zote zizungumze kwa nia njema, na nia njema ni kitu ambacho wanasheria wazuri hawakosi kukithibitisha. Bei haipangi.

Afrika Mashariki msamiati wa ugomvi huu tunao, vifurushi, ving'amuzi, chaneli kuondolewa, lakini mifupa yake ni tofauti. Kwanza, chaneli inayoumiza ikikosekana kwa kawaida ni mali ya mwenye dishi. SuperSport na DStv ni nyumba moja. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam, ambao mwaka 2021 walisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na wanaionyesha kwenye chaneli zao wenyewe kupitia king'amuzi chao wenyewe. Hakuna wa kugombana naye. Ushindani unaishia kwenye kununua haki za ligi, na anayeshindwa hapo anaweza kufa kabisa; GTV, waliochukua sehemu kubwa ya Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2007, walifunga Januari 2009 na kuwaachia wateja madishi ya mapambo.

Pili, stesheni zetu za bure zinaishi kwa matangazo ya biashara, na tangazo linahitaji macho. Chaneli ikizimwa anayeumia kwanza ni mwenye chaneli. Kenya iliona hilo kwa njia ngumu. Royal Media Services wenye Citizen, Nation Media Group wenye NTV na QTV, na Standard Group wenye KTN walikwenda mahakamani wakati wa kuhamia dijitali, wakilalamika pamoja na mengine kwamba StarTimes na GOtv wanabeba chaneli zao bila idhini. Mahakama ya Rufani iliwaunga mkono Machi 2014. Mahakama ya Upeo, tarehe 29 Septemba mwaka huo, ikaamua vingine: kubeba chaneli za bure kwa kanuni ya mdhibiti ni matumizi yanayoruhusiwa na sheria ya hakimiliki. Katikati ya Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilipozimwa, kampuni hizo zilizima kila kitu, zikitaka muda wa kuleta mitambo na ving'amuzi vyao. Nchi ilikaa bila chaneli zake kubwa kwa karibu wiki tatu. Tofauti na Marekani, kiini chake hakikuwa ada ya mwezi kwa kila mteja. Waligombea haki ya kukataa kubebwa, na mapato ya matangazo yakiwa yanavuja kila siku hawakuweza kukaa gizani muda mrefu. Mwanzoni mwa Machi walirudi hewani.

Tanzania, mwaka 2018, ilitoa kioja cha aina yake. Chaneli za bure zilitaka kuonekana kwenye Azam, DStv na Zuku, na wenye ving'amuzi hivyo walifurahia kuwa nazo. Mdhibiti, TCRA, ndiye aliyesema leseni zao haziruhusu kubeba chaneli za bure, na zikaondolewa. Mwenye dishi la kulipia aliyetaka taarifa ya habari ya ITV alilazimika kuweka na king'amuzi cha pili chini ya televisheni, na rimoti yake.

Hali hii ya kutogombania ada inaweza isidumu, kwa sababu Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, wenye DStv na GOtv. Canal+ si wageni wa giza. Septemba 2022 waliziondoa chaneli zote za kundi la TF1, kubwa kuliko zote za bure Ufaransa, wakikataa kulipia kitu ambacho mtu anakipata kwa antena. TF1 walikuwa na mechi za Ufaransa za Kombe la Dunia, ambalo lilikuwa linaanza Qatar tarehe 20 Novemba. Walipatana mwanzoni mwa Novemba.

Kwa mteja wa DStv wa Dodoma au Kisumu hesabu ni hii. SuperSport haitakatwa, maana ni ya mwenye nyumba. Zinazoweza kutikisika kila mikataba inapokaribia kuisha ni za wageni: katuni, filamu, maisha ya wanyama, habari za nje. Na kwa hizo Canal+ hana haraka, kwa kuwa mteja wake mkubwa amelipia mpira, na Jumamosi saa kumi na moja jioni mpira utakuwepo.